TV kubwa, akili nitatia mwenyewe

Jana nimezunguka Mombasa, Digo Road hadi Mwembe Tayari, natafuta TV ya inchi 55 isiyo smati, yaani isiyo na intaneti na programu zake. Wapi! Zisizo smati zaishia inchi 32, 43 ukibahatika. Muuzaji mmoja akaniuliza, "Dada, kwako hakuna waifai?"

Waifai ipo. Lakini smati yangu ya kwanza ilinitia adabu: miaka minne tu, programu zikaacha kusasishwa, na kuiwasha ni kungoja kama feri ya Likoni. Kioo chenyewe hakina neno mpaka leo!

Basi nimechukua smati na kuifanya bubu. Sikuipa nywila ya waifai, na ikiwaka yafungukia moja kwa moja HDMI 1 (tundu la waya wa picha na sauti), kwenye king'amuzi. Nilichokagua ni matundu ya HDMI (yako matatu) na DVB-T2 ya ndani (kipokezi cha matangazo ya dijitali ya antena), maana analogi Kenya ilizimwa 2015. Na sauti. Hizi TV nyembamba zanong'ona, feni ikizunguka husikii taarifa ya habari. Spika za zamani nimezichomeka nyuma.

Mamangu keshaishonea kitambaa cha kuifunika.