Neno Nililolikuta kwenye Foleni ya Mkate

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tafakari ya Ijumaa hii imechelewa kwa kuwa wiki nzima nilikuwa mateka wa nahau, na nahau haina huruma.

Wengi mnaniuliza: tangu ufike Cairo, Kiarabu kimekuwa rahisi? Neno hilo hilo "rahisi" ndilo lililoniponza. Siku za mwanzo mwalimu alitusomea matini fupi, akanigeukia, nimeionaje? Nikategemea Kiswahili changu nikajibu, "Ad-dars rakhis." Darasa likaangua kicheko. Nilikuwa nimemwambia mzee wa watu kwamba somo lake ni la bei chee. Kwao "rakhis" ni habari za bei. Kwa jambo lisilo gumu husema "sahl". Na sisi sahali tunayo, ila tumewaachia washairi.

Haikupita wiki, kijana mmoja wa Kimisri akaniambia tukutane mlangoni pa Azhar "is-saa itnein". Mimi nikasikia saa mbili. Saa mbili asubuhi nipo, nimeoga, daftari kwapani. Yeye katokea saa nane mchana, tena anahema kwa haraka, ananiomba radhi kwa kuchelewa dakika tano. Nikamsamehe. (Msikiti wa Azhar ulianza kujengwa mwaka 970. Sidhani kama mimi ni mgeni wa kwanza kungoja mlangoni pake kwa kosa la lugha.)

Hayo ni ya kucheka. Lililonikosesha usingizi ni jingine.

Mimi ni mtoto wa chuo cha Qur'ani, Tanga. Amma yote, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, niliitia kifuani kabla sijabalehe, kwa henzirani ya maalimu na uji wa asubuhi. Nilipopanda ndege nilidhani naenda kuongeza ghorofa juu ya nyumba iliyokwisha. Basi siku moja nasoma mbele ya sheikh aya inayofuata Ayatul Kursi, nikafika mwisho wake, "wallahu samiun alim". Akainua kidole. Rudia. Nikarudia. Rudia. Mara ya nne akaniambia taratibu, kwa Kiarabu cha kitabu ili nielewe: ukiiacha ile herufi ain ya kooni ukasema kwa alifu, "alim" si Mjuzi tena. Ni lile neno la "adhabun alim", chenye kuumiza.

Nikakaa kimya. Miaka yote ile ya tarawehe na hitima, koo langu la Kitanga lilikuwa linamwita Mola wangu hivyo? Kiswahili kiliimeza ain zamani sana. Tunasema elimu, tunasema Ali, tunasema dua, na hakuna anayekabwa. Nilitoka pale nikiwa nimedhamiria kufunga virago. Sikuwa na hasira na mtu. Ilikuwa haya tu.

Njiani kuna tanuri la mikate. Nikapanga foleni, na zamu yangu ilipofika nikasema kwa fusha safi, yaani kile Kiarabu cha kitabu, irabu zote mahali pake, kwamba nataka khubzan, tafadhali. Mtoto aliyekuwa anapanga mikate, hata miaka kumi na miwili hajafika, akacheka mpaka akashika kiuno. Akaniuliza kama nimetoka kwenye tamthilia ya masahaba. Kisha akaninyooshea mkate wa moto: "Esh! Ismu esh!"

Huko Misri mkate huitwa hivyo, esh, na kwa fusha ni aish, kwa ain ile ile iliyoniaibisha. Maana yake ni uhai. Ndiko yalikotoka maneno yetu kuishi na maisha. Nikatembea na mikate yangu mitano, inachoma mkono, na bila kukusudia ulimi ukaanza An-Naba, sura ya kwanza ya Amma, ile niliyokuwa nikiisoma huku nikiwaza mpira. Nikafika aya ya 11: "Waja'alnan-nahara ma'asha." Na tukaufanya mchana kuwa wa kutafutia maisha.

Nilisimama kando ya barabara, mabasi madogo yananipigia honi. Maasha. Maisha. Neno hili mama alikuwa akilisema kila alipotoka na beseni lake la vitumbua: naenda kutafuta maisha, mwanangu. Nami nilikuwa nalighani mbele ya maalimu kila siku, sijui kwamba aya ile inamtaja na yeye.

Mikate ilipoa mkononi. Virago sikufunga.

Kesho yake nilimsimulia sheikh, kwa Kiarabu changu cha kuunga na gundi. Hakunisifu. Alinisomea hadithi ya Mama Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim: aliye mahiri wa Qur'ani yuko pamoja na Malaika waandishi, watukufu, wema, na anayeisoma akikwamakwama, nayo ni nzito kwake, ana ujira mara mbili. Katika mapokezi ya Muslim neno la kukwamakwama ni "yatata'ta'u". Jaribuni kulitamka. Lina ain mbili, na lenyewe linagugumiza kabla hujafika kwenye maana. Sikio langu la Kiswahili lilisikia "tata" mle ndani. Sidai kuwa ni neno moja, ila nilicheka, na sheikh akacheka bila kujua ninachekea nini.

Kisha akainua kidole. Rudia.

Nimerudia wiki hii yote, baada ya alfajiri, kwenye ngazi ya nyumba tunayoishi ili nisiwaamshe wenzangu. Kati ya mara tano, ain hunitoka sawasawa mara tatu. Yule mtoto wa tanuri ameshanizoea. Akiniona tu ananishikia koo lake mwenyewe, anangoja nitamke ndipo anipe mkate.