Ukigo wa Ayubu

Barua ya ajira imenipangia Makete. Furaha yangu ilikuwa fupi, maana nilijua daktari wa kliniki atasema nini. Makete ni juu milimani, baridi yake inaingia hadi kwenye mifupa, na mwenye selimundu kama mimi, ugonjwa wa damu wa kurithi, akipigwa na baridi ya namna ile seli zake nyekundu za damu zinajipinda, zinaziba mishipa, maumivu yanaanza. Akasema hivyo hivyo. Nimeandika kuomba kubadilishiwa kituo, nangoja majibu hapa Mwanza.

Wapendwa kanisani wananiambia, "Mungu amekuepusha na jambo." Wanasema kwa upendo, ila mimi siwezi kulisema hilo kwa haraka hivyo. Sijaonyeshwa jambo lolote. Niliitaka sana ile kazi, na Mungu anajua nilivyoitaka.

Jioni nimemsoma Ayubu. Sura ya kwanza, Shetani analalamika kwamba Mungu amemzungushia Ayubu ukigo, yaani uzio, pande zote, hamna pa kumpatia. Sura ya tatu Ayubu mwenyewe, mwili wote majipu, anauliza kwa nini apewe nuru mtu ambaye Mungu amemzinga kwa ukigo. Adui akiwa nje aliona ngome. Ayubu akiwa ndani aliona kifungo. Na Mungu anapojibu, sura ya 38, anataja bahari alivyoiwekea milango na makomeo, akaipangia mahali pa kukoma. Sababu ya mateso yake Ayubu haambiwi hata mwisho wa kitabu.

Nimefikiria damu yetu. Mama ni AS, yaani amerithi selimundu upande mmoja tu wa wazazi wake, baba naye ni AS, na hakuna aliyewahi kuugua selimundu. Aliyerithi upande mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana huku Kanda ya Ziwa, ambako malaria imezika watoto vizazi na vizazi, urithi huu umeenea sana. Ukirithi pande zote mbili unakuwa SS, unaugua, kama mimi. Kile kile kilichomlinda mama utotoni ndicho kinachonizuia mimi leo. Niliwahi kumkasirikia Mungu kwa hili, miaka mingi. Leo nimewaza kwamba bila kinga ile huenda mama asingefika umri wa kunizaa, nikashindwa kuendelea na hasira yangu.

Na mama huyo alinilea kwa makatazo! Usinyeshewe. Usiingie ziwani asubuhi. Vaa sweta. Kunywa maji, kunywa tena. Umemeza kidonge cha foliki? Wenzangu wakicheza mvuani mimi nilikuwa dirishani nimenuna. Sikuwa na namna ya kujua jinsi alivyokesha usiku akinikanda miguu kabla hajajifunza yale makatazo. Yeye sababu alikuwa nazo zote, ila hakunieleza. Nilikuwa mdogo mno. Basi kwa Mungu nabaki hapo. Namwamini kama nilivyomwamini mama, nikiwa bado nimenuna.

Kumwamini hakunizuii kupima. Kaka yangu ni AS na anataka kuoa mwakani. Nimemwomba ampeleke wifi akapime kabla ya mahari, wajue mapema kama naye ni AS, waamue wakiwa macho. Kwanza alinyamaza, kisha akasema wataenda Jumatatu, na akaniomba niwasindikize.