Panga kikao kwanza, ndipo ufute programu

Wengi wanaojitoa mitandaoni huanzia kwenye simu. Jumapili usiku mtu anafuta Instagram, anatangaza kwenye stetasi kwamba anapumzika, na Alhamisi haijaisha ameshairudisha. Kinachomrudisha ni ile saa mbili usiku: chakula kimeliwa, hakuna wa kuzungumza naye, mkono unatafuta simu wenyewe. Kwa hiyo nashauri mpangilio wa kinyume. Tafuta watu, siku na mahali, mkutane mara tatu au nne, halafu ndipo uguse akaunti zako.

Urafiki unakula muda, na muda huo umewahi kupimwa. Mwaka 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alikadiria kwamba watu wasiojuana huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili wawe marafiki wa kawaida, saa 90 hivi ili waitane rafiki bila kusita, na zaidi ya 200 kufikia usuhuba. Saa za kukaa kazini pamoja hazikusaidia sana; zilizofaa ni zile ambazo watu walijichagulia wenyewe. Piga hesabu: kikao cha saa mbili kila wiki kinatimiza saa 50 baada ya wiki 25, na saa 200 baada ya wiki 100. Kukutana kwenye harusi na misiba pekee kunatunza urafiki wa zamani, lakini mpya hauzaliwi hapo.

Muda huo upo. Wachumi waliowalipa watu nchini Marekani wazime Facebook kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa 2018 walikuta kwamba mtu wa wastani alipata kama saa moja ya ziada kwa siku. Sehemu ya muda huo ilikwenda kwa ndugu na marafiki, na sehemu nyingine ikaishia kwenye televisheni, mtu akiwa peke yake. Saa ambayo hukuipangia kazi itachukuliwa na chochote kilicho karibu.

Sasa kikao chenyewe. Anza na watu watatu au wanne. Robin Dunbar na wenzake waliochunguza mazungumzo ya kawaida walionyesha mwaka 1995 kwamba wanaoshiriki mazungumzo mamoja ni nadra kuzidi wanne. Akiingia wa tano, kundi huelekea kugawanyika. Ukialika kumi utapata vikundi vitatu, na yule mkimya atabaki pembeni na simu yake.

Ukitaka kuona kikao kinachojiendesha, nenda Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, jioni. Watu wamekaa barazani, kahawa chungu inamiminwa kutoka kwenye dele, wengine wanacheza bao au dhumna. Hakuna aliyealikwa na hakuna mwenyeji wa kuchoka. Anayepita anasalimia, akiwa na nafasi anakaa. Tazama pia mikono: mchezaji wa bao anazungusha kete shimo kwa shimo, hana mkono wa kushika simu, na wanaotazama wana jambo la kubishania. Kikao chenye kitu cha kufanya kwa mikono hudumu kuliko kile cha kutazamana tu. Inaweza kuwa karata, kumenya mbaazi, kufuma vitambaa, hata kutengeneza baiskeli. Ukimya ukiingia, hauwi aibu.

Mahali pazuri ni pale ambapo kila mmoja anafika kwa miguu au kwa daladala moja. Panapohitaji magari mawili, mvua moja inatosha kuua kikao. Epuka pia kukutana nyumbani kwa mtu mmoja kila wiki. Kwetu mgeni hatoki bila kula. Wiki ya kwanza ni pilau, ya pili ni pilau, ya nne mwenyeji anaanza kupata udhuru. Mkiwa lazima mkutane majumbani, zungukeni, na mkubaliane tangu mwanzo: kahawa au chai ya tangawizi, kashata au mihogo ya kuchemsha, basi. Atakayepika zaidi anawapandishia wenzake gharama, hata kama nia yake ni njema. Kijiweni kila mtu ajilipie.

Vijiwe vingi vya kahawa ni vya wanaume, na ushauri wa "nenda kijiweni" humsahau mwanamke. Kwa wanawake kikao mara nyingi kipo tayari, kimejificha ndani ya shughuli nyingine: kikoba cha kila wiki, kusukana, kwaya, darsa. Njia nyepesi ni kuongeza saa moja baada ya shughuli hiyo. Hesabu za kikoba zikifungwa, wanne wabaki. Hakuna nauli mpya wala ruhusa mpya ya kuomba nyumbani.

Neno la kuogopa ni "tutafutane". Linasemwa kwa moyo safi na linaua miadi, kwa sababu halina siku. Sema: "Jumamosi saa kumi na nusu jioni, barazani kwa fundi cherehani, kila wiki." Kati ya Magharibi na Isha muda ni mfupi, kwa hiyo penye Waislamu chagua baada ya Alasiri au baada ya Isha. Jumamosi asubuhi Wakatoliki wengi wana jumuiya. Mkishachagua, msihamishe siku kwa ajili ya mmoja aliyekosa. Wakifika wawili, kikao kimefanyika.

Baada ya hapo, rudi kwenye akaunti. Kabla ya kufuta chochote, chukua namba za simu za wale unaowajua kupitia Instagram au Facebook tu, nakili siku zao za kuzaliwa kwenye daftari, na pakua nakala ya picha zako. Angalia pia ni programu gani nyingine unaziingia kwa kutumia Facebook, uzibadilishie njia ya kuingilia. Ukizisahau, siku utakapoingia kwa njia hiyo akaunti uliyoizima itawaka tena. Kuzima na kufuta ni mambo mawili. Ukizima, kila kitu kinakusubiri. Ukifuta, Facebook na Instagram hukupa siku 30 za kubadili nia. Mimi naona kuzima kunatosha kwa miezi mitatu ya kwanza.

WhatsApp ni suala jingine. Huku kwetu taarifa za msiba, mchango wa harusi na ujumbe wa shule ya mtoto vinapita humo, na anayeifuta anaonekana ametengana na watu. Ipunguze. Kwenye mipangilio ya faragha, zuia kuongezwa kwenye makundi na mtu asiye kwenye orodha yako ya namba. Zima sauti ya makundi yote kwa chaguo la "daima", kisha yahifadhi kando ili yasipande juu kila ujumbe unapoingia. Nyamazisha stetasi za watu wanaokuacha na kinyongo. Ukitaka kutoka kwenye kundi, tangu 2022 wasimamizi pekee ndio hupata taarifa, ingawa jina lako hubaki kwenye orodha ya waliotoka kwa siku 60. Kundi la harusi usilitoke kabla ya kumlipa mhazini ahadi yako. Na waambie watu wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa mtaani: "Likitokea jambo, nipigieni." Usipofanya hivyo utapitwa na mazishi, na hilo halisameheki kirahisi.

Walio mbali wapigie. Simu isiyotarajiwa usiku hushtua, mtu anadhani kuna msiba, basi tanguliza ujumbe mfupi: "Nitakupigia saa mbili, ni salamu tu."

Kikaoni simu ikae ndani ya mkoba. Kuilaza mezani kifudifudi hakusaidii, macho yanaifuata. Weka hali ya usisumbue na uruhusu namba chache za nyumbani zipite, ili mwenye mtoto mgonjwa akae bila wasiwasi.

Mwenzenu akikosa mara mbili mfululizo, asitafutwe kwa ujumbe. Mmoja apite kwake apige hodi. Mara nyingi sababu ni nauli, mgonjwa ndani ya nyumba, au deni analodaiwa na mmoja wenu. Kama ni deni, mdai ndiye aende, aende peke yake, amwambie deni lina siku yake na Jumamosi ina yake.