Ndo maana mimi ni wa Arbroath

Jumamosi iliyopita nimekaa zangu kijiweni Magomeni hapa Mtwara, nimevaa jezi yangu ya maruni, jamaa mmoja akaniangalia weee halafu akauliza hiyo timu gani. Nikamwambia Arbroath, timu ya mpira ya Scotland. Akasema hiyo sio timu, hiyo dawa ya kikohozi. Kijiwe kizima hoi, mpaka muuza kahawa kamwaga. Sasa nimechoka kuelezea kwa mdomo kila siku, leo naandika, ukiniuliza tena nakutumia linki basi.

Jezi yenyewe niliokota kwenye mitumba, elfu tatu, nikaichukua kwa sababu kitambaa kizito na haijachuja, jina lenyewe hata kulitamka sikujua. Nimefika nyumbani nikaligugo, usiku ule sikulala.

Ila tuanzie mbali kidogo, kwa sababu Scotland sikuijulia kwenye jezi, niliijua kwa Victor Wanyama, yule Mkenya aliyekuwa Celtic ya Glasgow, kama watu wote wa ukanda huu. Novemba 7, 2012, Celtic na Barcelona, kibanda umiza, benchi za mbao, watu tumebanana kama dagaa kwenye tenga, mechi inaanza saa tano kasorobo usiku na banda zima ni Barcelona, si unajua tena Messi yule wa mwaka ule. Dakika ya 21 Mulgrew kapiga kona, Wanyama kapanda, kichwa, ndani! Banda kimya. Halafu mzee mmoja aliyekaa nyuma kabisa akapaza sauti: "Huyo anaongea Kiswahili huyo!" Basi hapo hapo banda likahama timu, nakuambia walewale waliokuwa wanapiga meza kwa Messi wanapiga meza Wanyama Wanyama. Barcelona wanapasiana wee, Celtic mpira wanausikia jina tu, lakini kuna lile likipa refu Forster linatoa kila kitu, mpaka magazeti ya Hispania yakamwita Ukuta Mkubwa. Dakika ya 83 akaingia wavuni katoto ka miaka 18, Tony Watt, mbili bila, Messi akapata la kufutia machozi dakika za majeruhi. Tulirudi nyumbani saa saba usiku tunaimba kama mechi ilichezwa Nangwanda, uwanja wetu wa hapa Mtwara.

Na Wanyama sio peke yake aliyecheza kule. David Obua wa Uganda alicheza Hearts, Bevis Mugabi naye Mganda alikuwa Motherwell, na yule Mzambia Fashion Sakala wa Rangers aliwahi kuwapiga Motherwell haohao hat-trick ugenini, 6-1, Oktoba 2021. Wanyama mwenyewe alienda zake Southampton 2013, akazunguka dunia, 2025 akarudi Scotland kuchezea Dunfermline chini ya Neil Lennon, kocha yuleyule wa usiku ule wa Barcelona.

Sasa mtu ataniuliza, kwa nini basi usiwe wa Celtic? Kwa sababu naishi Tanzania bana! Simba na Yanga zinanitosha. Kule ni vilevile, ila kwao imezidi. Mara ya mwisho bingwa kutoka nje ya Celtic na Rangers ilikuwa Aberdeen 1985, enzi za Ferguson kabla hajaenda Manchester, Aberdeen ambayo miaka miwili nyuma iliifunga Real Madrid 2-1 kwenye fainali ya Kombe la Washindi pale Gothenburg. Kuanzia 1986 mpaka 2025, misimu 40, ni mmoja kati ya wale wawili. Na sisi tunaolalamika huku angalau tulipata Azam 2014.

Siwadharau lakini. Celtic ilianzishwa 1887 na bradha mmoja wa Kikatoliki kutoka Ireland, Walfrid, ili zipatikane hela za kulisha watoto wa maskini mashariki ya Glasgow, wakimbizi wa njaa ya Ireland. Rangers ndo wakawa upande wa pili, Waprotestanti, kwa hiyo dabi yao ina dini ndani yake, ina Ireland ndani yake, ndo maana ukali wake sio wa mpira peke yake. Na Rangers hao mwaka 2012 walifilisika wakatupwa mpaka daraja la nne, unajua mechi yao ya kwanza ya ligi nyumbani Ibrox walikuja watu wangapi? 49,118. Daraja la nne! Wanacheza na East Stirlingshire! Hiyo heshima nawapa, mimi na ubishi wangu wote.

Ila moyo wangu uko Arbroath.

Arbroath ni mji mdogo wa wavuvi pwani ya mashariki ya Scotland, watu 20,000 na ushee, timu ipo tangu 1878. Uwanja unaitwa Gayfield na hakuna uwanja wa ligi Ulaya nzima ulio karibu na bahari kuushinda, yaani ukuta wa uwanja, nje ya ukuta ndo Bahari ya Kaskazini hiyo, ikichafuka maji yanaruka ukuta yanamwagikia mashabiki na chai zao. Na upepo. Nilipoangalia video yule kipa anapiga goli kiki, mpira unapanda, unasimama hewani, halafu unarudi kwake, nilicheka mpaka chozi kwa sababu mimi hicho kitu nimekiishi.

Waliokulia Shangani wananielewa. Tulikuwa na kiwanja chetu cha mchanga karibu na ufukwe, magoli ya miti, na ikifika Juni Julai kusi limeshika, mpira hauchezwi kama mnavyoucheza nyie. Mkishinda kurusha shilingi hamchagui mpira, mnachagua upepo. Kipindi cha kwanza upepo uko mgongoni mnafunga sita, kipindi cha pili mnafungwa saba, na kona ya upande wa bahari hakuna anayepiga isipokuwa mmoja, alikuwa anaelekeza mpira mbali kabisa nje ya goli, watu wageni wanamcheka, halafu upepo wenyewe unauleta kama umetumwa. Mchezaji huyo hakufika popote, yuko anaendesha bodaboda Ligula, lakini siku moja nilimwonyesha clip ya Gayfield kwenye simu, akaiangalia kimya, akairudisha nyuma, akaiangalia tena, akasema "hapa mimi ningeajiriwa."

Kuna rekodi moja lazima mjue. Septemba 12, 1885, kombe la Scotland, Arbroath 36, Bon Accord 0. Thelathini na sita. Mchezaji wao John Petrie alifunga 13 peke yake. Nyavu hazikuwepo enzi zile, kwa hiyo kila goli mpira unakwenda kutafutwa huko ulikokwenda, piga hesabu muda. Inasimuliwa kwamba kipa wa Arbroath hakugusa mpira, alijikinga mvua kwa mwamvuli wa shabiki. Na siku hiyohiyo, kombe hilohilo, Dundee Harp waliwafunga Aberdeen Rovers 35-0! Yaani umefunga goli 35 unarudi nyumbani unajiona mfalme, kumbe majirani zako wamefunga 36. Hiyo habari kila nikiikumbuka nawaonea huruma Dundee Harp kuliko hata waliofungwa.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni msimu wa 2021/22. Daraja la pili la kule, timu kumi, tisa wachezaji wao wanalipwa kucheza mpira tu, Arbroath peke yao wachezaji wana kazi zao za mchana na mazoezi ni jioni. Bobby Linn, winga ambaye mashabiki wanampenda kufa, alikuwa mzoa taka, asubuhi yuko na gari la taka Jumamosi anawakimbiza mabeki. Kocha wao mzee Dick Campbell, na kofia yake ile ya kizee, msaidizi wake ni pacha wake Ian. Hao ndo walikuwa wanaongoza ligi mpaka mwaka mpya umeshaingia, wanasogelea ligi kuu, Rangers na Celtic waje kupigwa upepo Gayfield. Aprili 22, ilikuwa Ramadhani, nimetoka tarawehe nikakaa barazani na simu, bando la mia tano, mechi na Kilmarnock ya kuamua ubingwa. Wamefungwa 2-1. Kilmarnock wakapanda. Wakabaki na mtoano, Inverness, bila bila ugenini, bila bila nyumbani, wakatolewa kwa penati. Mke wangu aliniuliza kwani nimefiwa. 2024 wakashuka daraja, 2025 wakapanda tena kwa ubingwa, ndo maisha yetu.

Nasema yetu kwa sababu mimi pia ni wa Ndanda, timu ya hapa Mtwara, Wana Kuchele, na hapa naomba msinicheke. Ndanda ilipanda ligi kuu 2014 na mji ukapagawa, halafu 2020 tukashuka, sasa hivi nikitaja Ndanda vijana wanadhani nazungumzia kijiji tu au hospitali. Wenzetu wa Lindi angalau wana Namungo, Ruangwa pale, walifika fainali ya kombe la FA 2020 na Simba wakaenda mpaka Afrika, nawaonea wivu sifichi. Lakini kinachoniuma sio kushuka. Kinachoniuma ni zile siku Simba au Yanga walikuwa wanakuja Nangwanda Sijaona, uwanja wetu, mji wetu, uwanja umejaa mpaka watu juu ya miti, na wote nyekundu au wote kijani. Nilikaa siku moja na kofia yangu ya Ndanda, pembeni yangu jirani kabisa, mtu wa mtaani kwetu, tunaazimana chumvi, Ndanda tukapata goli nikaruka mwenyewe. Mwenyewe! Jirani akanivuta shati akaniambia kaa chini tuone mpira. Kwa hiyo ninapoona kale kamji ka samaki kamesimama kwenye ukuta wa bahari kwenye baridi ile kanashangilia mzoa taka wake, na Glasgow iko saa mbili tu kwa gari, najua ninachokiangalia.

Halafu kuna hili la Mikindani, nalisema kwa haraka. Livingstone, yule wa kwenye vitabu vya historia, aliyeshukia hapa kwetu 1866 akaenda bara asirudi tena, alizaliwa Blantyre, mji mdogo karibu na Glasgow, akafanya kazi kiwanda cha pamba tangu ana miaka 10. Sasa Blantyre hiyohiyo ina katimu ka mtaani kanaitwa Blantyre Victoria. Jock Stein alipita hapo akiwa mchezaji. Billy McNeill naye alitokea hapo kwenda Celtic. Stein ndo kocha na McNeill ndo kapteni wa Celtic iliyobeba kombe la Ulaya 1967 Lisbon, 2-1 na Inter, timu ya kwanza kutoka Uingereza yote, na wachezaji wote wamezaliwa maili 30 kuzunguka Glasgow. Nikipita Mikindani kwa daladala nawaelezea abiria. Hawaniombi.

Mwenye kunielewa ni mjomba wangu wa Msangamkuu, na kilichomvuta sio mpira maana yeye ni Yanga wa kuzaliwa. Nilimwambia Arbroath wana samaki wao maarufu dunia nzima, haddock, wanamkata kichwa wanamtoa matumbo, wanawafunga wawili wawili mkiani kwa kamba, wanawatundika kwenye fimbo juu ya pipa lenye moto wa kuni ngumu, wanafunika, moshi unafanya kazi. Mjomba akaacha wavu aliokuwa anashona. Kuni gani? Wanafunika na nini? Magunia? Yakiwa makavu au yamelowa? Nikamwonyesha video, akasema hao wanajua, ila chumvi wamebana. Tangu siku hiyo ananiulizia matokeo.

Mechi zao za Jumamosi wakati wa baridi zinaanza saa kumi na mbili jioni ya kwetu, kwa hiyo mapumziko yao ndo magharibi yetu, naswali nikirudi kipindi cha pili kinaanza, hakuna ligi iliyopangwa vizuri kama hiyo. Januari hii nilivuka na kivuko kumsalimia, Jumamosi, tumekaa nje, giza linaingia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Wale watu wa samaki wa moshi wana ngapi?"

Nikafungua simu. Mechi imeahirishwa. Nikamwambia hawachezi leo, uwanja umeganda.

"Umeganda nini?"

"Barafu, mjomba."

Akafikiria, akaangalia bahari.

"Uwanja wote?"