Kumuuguza mzee nyumbani baada ya kiharusi: uzoefu wangu

Mume wangu alipata kiharusi akiwa na miaka 71. Upande wa kulia ulilegea wote na maneno yakapotea. Hospitali ilipomruhusu tulirudi nyumbani Bombo, Uganda, na karatasi ya dawa na tarehe ya kliniki, basi. Nilichojifunza tangu siku hiyo ni kwamba sehemu kubwa ya kupona hufanyika nyumbani, na kwamba mikono ile ile inayomhudumia mgonjwa kwa mapenzi ndiyo inayoweza kumharibia bega, kumpalia chakula au kumtia kidonda. Naandika tulivyofanya na kwa nini, kwa ajili ya mwenye mzee ndani leo.

Kabla ya yote, saa za mwanzo. Mdomo ukienda upande, mkono ukashindwa kuinuka, maneno yakavurugika, tafuta gari, usitafute boda: mtu aliyelegea upande mmoja hawezi kujishikilia. Andika saa ya mwisho alipoonekana mzima, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu, penye hospitali inayoweza kuitoa, ina mwisho wake: ndani ya saa 4 na nusu tangu hapo. Usimpe aspirini njiani. Kiharusi ni cha bonge lililoziba mshipa au cha mshipa uliopasuka, na kwa macho vinafanana. Picha ya CT ya ubongo ndiyo inayotenganisha. Kwa aliyepasuka mshipa, aspirini inazidisha kuvuja. Wala usimpe chai ya kumtuliza, maana huenda koo nalo limelegea.

Sasa nyumbani. Naanza na bega, kwa kuwa hapo ndipo wengi tunapokosea. Bega linashikwa na misuli zaidi kuliko mifupa. Misuli ikilegea, uzito wa mkono wenyewe unauvuta mfupa kutoka kwenye kikombe chake. Ukipapasa chini ya ncha ya bega unakuta pengo linaloingia kidole. Halafu anakuja kijana mwenye nguvu, anamshika mzee kwapani au anauvuta ule mkono ili ainuke, na maumivu yanayoanza siku hiyo yanakaa miezi. Mwenye bega linalouma hafanyi mazoezi. Kwetu ikawa sheria, na kila mgeni aliambiwa mlangoni: mkono wa kulia hauvutwi, kwapani hapashikwi. Akikaa, mkono unalala juu ya mto mapajani au juu ya meza, kiganja chini, vidole vimenyooka. Kombeo, kile kitambaa cha kuuning'iniza mkono shingoni, tulilifunga wakati wa kusimama na kutembea tu, kwa sababu mkono ukishinda umekunjwa kifuani unakakamaa hivyo hivyo.

Kitandani tulimgeuza kila baada ya saa 2, mchana na usiku, na ratiba ilibandikwa ukutani ili anayepokea zamu asikisie. Akilalia upande mzima, yaani usiopooza, mto unawekwa mbele ya kifua na mkono mlegevu unapumzika juu yake. Upande mgonjwa pia unalaliwa, ila unapitisha kiganja chini ya bapa la bega na kulileta mbele taratibu, asije akalilalia likiwa limekunjwa. Kagua kila siku juu ya makalio, nyonga, visigino na vifundo. Vitabu vinasema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta mahali palipokoza rangi, penye joto kuliko pembeni, pagumu au palipolegea kama tunda lililoiva mno. Hapo pasilaliwe tena mpaka parudi kuwa kawaida, wala pasisuguliwe mafuta kwa nguvu, maana kusugua kunaikwaruza ngozi iliyokwisha kuchoka. Glovu zilizojazwa maji chini ya visigino hazisaidii. Weka mto chini ya ndama za miguu, kisigino kibaki hewani.

Tena, majirani watakuja na maji ya moto ya kukanda. Nia yao ni njema, lakini upande uliopooza mara nyingi hausikii joto, na ngozi inaungua mgonjwa yuko kimya. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko cha anayeogesha.

Kula kulinitisha kuliko yote. Koo likiwa dhaifu, chakula kinapotea njia na kuingia mapafuni, ndipo nimonia inapopatikana. Dalili ni kukohoa anapomeza, sauti kuwa ya majimaji baada ya tonge, au homa inayojirudia bila sababu. Ukiona hivyo simamisha chakula cha mdomo upate ushauri. Wengine huhitaji mpira wa puani kwa muda. Mzee wangu alipopimwa na kuruhusiwa, alikula amekaa wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifua, kijiko cha chai kimoja kimoja, na cha pili hakiingii mpaka nione koo limepanda na kushuka. Chakula kiliwekwa upande mzima wa mdomo. Baada ya kula alikaa wima nusu saa nzima.

Kinachoteleza kwa urahisi kuliko vyote ni chai na maji matupu, na ndivyo tunavyowahi kuwapa wagonjwa! Vizito ni salama zaidi kwa wengi: uji wa wimbi usiomwagika haraka kijikoni, maziwa ya kuganda yale tunayoita bongo, matoke iliyopondwa na kulainishwa kwa mchuzi wa karanga hadi ishikane. Wali ulitushinda, punje zinatawanyika mdomoni. Maharage tuliyamenya maganda na kuyaponda. Chakula chenye vipande ndani ya mchuzi mwepesi ni kibaya kuliko vyote, kwa sababu kinataka koo lifanye kazi mbili kwa wakati mmoja. Mwisho wa mlo pitisha kitambaa safi kwenye shavu la upande mgonjwa. Kuna tonge linalojificha pale na mwenyewe halisikii. Meno na ulimi visafishwe asubuhi na jioni, kwani uchafu wa mdomoni ndio unaoingia mapafuni.

Presha. Mashine ya nyumbani ya kufunga juu ya kiwiko ilitufaa. Apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono mzima, siyo uliopooza, umelala usawa wa moyo. Pima mara 2 kwa kupisha dakika moja, uandike zote kwenye daftari. Daktari alitutaka tushuke chini ya 130 kwa 80, taratibu. Ikifika 180 kwa 120, mpumzishe na urudie. Ikibaki huko, ongea na kliniki siku hiyo hiyo. Na ikiambatana na dalili mpya kama kichwa kuuma vikali, macho kufifia au mwili kulegea, ondokeni hapo hapo kwenda hospitali.

Dawa haziachwi namba zikiwa nzuri. Namba ni nzuri kwa sababu ya dawa. Watu wengi wanarudia kiharusi kwa kosa hili, nami kila nikilisikia linaniuma. Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu, na enalapril kuleta kikohozi kikavu. Hayo unayapeleka kwa daktari abadilishe, huyakatishi mwenyewe. Kidonge cha kukojoza ni cha asubuhi, la sivyo mzee ataamka usiku kwenda chooni na kuanguka. Jihadhari na diklofenaki ya dukani kwa ajili ya bega: inapandisha presha, inaelemea figo, na pamoja na aspirini inaweza kutoboa tumbo. Parasetamoli ilitutosha. Kwa kuwa vituo vya serikali huishiwa dawa, tulihakikisha nyumbani hapapungui akiba ya wiki 2. Katunkuma, zile nyanya chungu ndogo, alikula kama mboga, anaipenda, lakini haikuchukua nafasi ya kidonge hata siku moja.

Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi gramu 5, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na vitoweo vya pakiti. Niliitenga chumvi yake asubuhi kwenye kikombe kidogo, nusu kijiko; ikiisha imeisha. Magadi ya kulainishia maharage nayo yana sodiamu, kama chumvi. Niliyaacha, nikawa naloweka maharage tangu usiku, ndipo nayaweka kwenye sigiri.

Kusimama tulifundishwa na mtaalamu wa mazoezi. Kiti kigumu chenye mikono kinawekwa upande mzima wa mgonjwa. Asogee hadi ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili chini, zimerudi nyuma kidogo ya magoti. Funga kitenge kilichokunjwa kiunoni mwake: hapo ndipo unaposhika. Goti lako lizuie goti lake dhaifu lisikunjike. Halafu ainame mbele hadi pua ipite vidole vya miguu, na hapo makalio yananyanyuka yenyewe. Mzee akivutwa amekaa wima, uzito wote unakuja kwako na mgongo wako ndio utakaolipa. Tulianza mara 5 kwa zamu, zamu 3 kwa siku, tukafika 10. Mkono tuliufanyisha kazi zenye maana: kusukuma kitambaa juu ya meza kwenda na kurudi, baadaye kuchambua maharage, kumenya karanga. Nafuu huja kwa kasi zaidi miezi 3 ya kwanza, inapungua kasi kuelekea 6, lakini haifungi mlango. Vidole vyake vilianza kushika kikombe mwezi wa nane.

Choo chetu ni cha shimo, na kuchuchumaa hakuwezekani. Fundi seremala alikata tundu kwenye kiti kizito cha mbao, ndoo ikakaa chini, na miguu ya kiti akaitanua ili kisipinduke. Kiti cha plastiki kinateleza.

Kuhusu maneno: hakuwa amepoteza akili, alipoteza njia ya kuyatoa. Uliza swali moja la ndiyo au hapana, usubiri. Ukimuuliza chai au uji au maziwa, yote yanachanganyika. Tulichagua lugha moja kwa mazoezi, Kiswahili, Kinubi tukakiacha cha mazungumzo ya kawaida. Alishindwa kusema "maji", lakini Al-Fatiha aliisoma mwanzo hadi mwisho, kwa sababu vitu vilivyozoeleka kwa moyo hupita njia nyingine ya ubongo. Tukaitumia njia hiyo: kusoma pamoja, kuhesabu, salamu. Swala aliswali amekaa. Kulia ghafla bila huzuni, au kucheka pasipo mahali pake, ni jeraha la ubongo, asigombezwe. Ila akikosa hamu ya kula, usingizi na mazoezi kwa zaidi ya wiki 2, hiyo ni sonona, ina dawa, mwambie daktari.

Mkongojo hushikwa mkono mzima. Urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono akiwa amesimama na viatu, mikono imening'inia, na ncha iwe na kizibo cha mpira, kikilika, badilisha. Mkongojo unatangulia pamoja na mguu mgonjwa, mguu mzima unafuata. Kwenye ngazi, kupanda unaanza mguu mzima, kushuka unaanza mguu mgonjwa, na msaidizi anakaa ngazi moja chini yake, akipanda na akishuka.