Muhuri wa Baba Mdogo

Barua ya LC1, yaani ya baraza la kijiji, nimeipata jana jioni, baada ya wiki mbili za kumfuata baba mdogo. Yeye ndiye mwenyekiti wa kijiji chetu hapa Koboko, Uganda, na bila muhuri wake jeshi halitanipokea hata nikiwa na cheti cha S4, kidato cha nne, na kitambulisho cha taifa. Kila nilipokwenda aliniambia wino umekauka. Jana aliigonga karatasi muhuri bila kunitazama, akasema, "Usimwambie mama yako nilikubali. Mwambie ulinichosha."

Siwalaumu, yeye na mama, kwa kunizuia. Nyanya alikuwa mke wa askari. Amin alipopinduliwa mwaka 1979, babu alirudi nyumbani kwa miguu, na nyanya akaichoma sare yake kwenye mafiga, akikoroga majivu kwa mwiko wa kusongea ugali. Kitambaa kiliungua, vifungo vya shaba vikabaki. Akavitupa chooni, wakavuka kwenda Zaire na watoto watatu. Huku kwetu ukitaja jeshi mbele ya wazee, hawaoni mshahara, wanaona kuvuka mpaka usiku. Miaka mingi sote wa West Nile tulihesabiwa watu wa Amin, hata waliokuwa wakilima mihogo tu.

Wenzangu wa steji ya boda wana lao: Somalia. Wananitajia kambi ya Buulo Mareer, Mei 2023, askari wetu 54 walipouawa. Sina neno la kuwatuliza, na sijajaribu.

Lakini mimi nilikuwa na miaka 12 mwaka 2016, Juba ilipowaka Julai ile na watu wakamiminika Oraba, mpakani na Sudan Kusini. Nilikuwa nauza maji pale mpakani na dada yangu. Nikamwona mwanajeshi akimpa mwenzake bunduki, akachuchumaa, akambeba bibi kizee mgongoni hadi kwenye lori. Bibi alikuwa akimpiga kichwani kwa hofu, akidhani anatekwa. Yule kijana alizidi kutembea, akimwambia, "Pole mama, pole, tumefika."

Nimemsimulia nyanya mara tatu. Mara ya tatu akauliza, "Na bunduki, baadaye ilikuwa kwa nani?"

"Alirudishiwa mwenyewe, nyanya."

"Basi," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Mbio za usajili ni Jumanne. Mama ameacha kunikataza. Saa kumi na moja alfajiri ananiamsha nikakimbie barabara ya Oraba, kisha anasimama mlangoni na kanga begani mpaka nirudi. Hatusemezani.