Siku nilipojisikia kwa mara ya kwanza

Nilijua kwamba kazini wapo wanaosema mimi najisikia. Habari za namna hiyo hazikosi mleta. Sikuzijali, nilijiambia mchapakazi lazima asemwe, nikaendelea na yangu.

Kilichonishika ni rekodi ya kikao. Mwenzetu mmoja aliumwa, akaomba tumrekodie kwa simu, nami nikajitolea kuisikiliza na kumwandikia muhtasari. Usiku nikavaa hedifoni. Sauti ya kwanza iliyoingia ilikuwa nyembamba, inatokea puani, ya mtu mwenye haraka zake. Nikajiuliza, huyu naye nani? Sekunde kadhaa zikapita kabla sijatambua kuwa ndiye mimi.

Hilo la sauti lina sababu yake, na wala si tabia. Mtu akiongea, sauti yake humfikia sikioni kwa njia mbili: hewani, kama inavyowafikia wengine, na kupitia mifupa ya fuvu. Mifupa hupitisha vizuri zaidi mitetemo mizito, ndiyo maana kila mtu kichwani mwake ana besi. Simu hunasa ile ya hewani tu. Maana yake sauti ninayoijua kuwa yangu, hakuna mwingine aliyewahi kuisikia. Nikaduwaa. Ikiwa sauti tu nimeisikia kivyangu miaka yote hii, mengine je?

Mengine yalikuja dakika ya 9. Binti mmoja mgeni kazini alikuwa ameanza, taratibu: "Mimi nilikuwa nafikiri, labda tungeanza na wale ambao..." Sauti yangu ikamdakia. "Ngoja, ngoja. Suala hapa ni hili." Nikaongea dakika tatu nzima. Dakika ya 23 nikalileta wazo lile lile alilokuwa ameligusa, nimelipamba, na wenzangu wakaitikia. Kwenye rekodi, katikati ya kuitikia huko, kuna mlio mdogo: kalamu inawekwa mezani. Nilirudisha nyuma mara nne kuisikiliza hiyo kalamu. Huenda haikuwa yake hata. Lakini ilinikaa.

Nami nilikuwa nakikumbuka kikao hicho vizuri sana. Nilikumbuka mjadala uliokwama, nami nikaukwamua.

Kikao kilikuwa cha dakika 41. Niliwakata watu kauli mara 14.

Ningependa kusema nilibadilika papo hapo. Nilichofanya ni kukasirika. Chumba kilikuwa kidogo, muda ulikuwa mfupi, na wengine nao si hukatiza? Nikahesabu na za wengine, kama mtoto anayetetea kesi yake: mara 5, watu wote pamoja. Siku ya tatu nikampigia dada yangu mkubwa. "Dada, eti watu wanasema najisikia. Kweli?" Alicheka mpaka akakohoa. "Mdogo wangu, wewe ungekuwa unajisikia, ungenyamaza."

Kuna utafiti wa mwaka 1979, wa Michael Ross na Fiore Sicoly kule Kanada, ambao nilikuwa naujua na hata kuwasimulia wengine. Waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, anabeba sehemu gani ya shughuli za nyumbani. Ukijumlisha majibu ya mume na mke, mara nyingi yanapita kile kilichopo cha kugawana. Si lazima kuwe na mwongo. Ulichofanya mwenyewe kina jasho lako, kwa hiyo hukumbukika upesi. Cha mwenzio ulikiona kwa mbali tu, kama ulikiona. Nilikuwa nausimulia kila mara nikiwa na mtu mwingine akilini. Nyani na kundule, basi.

Nilichoanza nacho kilikuwa kidogo hadi cha kuchekesha: kabla ya kusema, nimeze mate kwanza. Mtu akinyamaza, nimeze mara moja, ndipo nifungue mdomo. Nikaweka na daftari, kila nikimkata mtu nachora kijistari. Kikao cha kwanza vijistari 11. Cha pili 12! Karibu miezi miwili vilikuwa vinapanda na kushuka bila mpango. Ugumu haukuwa mdomoni. Ulikuwa katika sekunde ile ya kimya, nilipohisi kabisa kwamba nisiposema sasa hivi, nitafutika pale mezani. Sikuwahi kujua kwamba nilikuwa na hofu. Nilidhani nina mawazo mengi.

William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandika jambo hili kama hesabu ya sehemu, mwaka 1890: kujithamini kwa mtu ni mafanikio yake yakigawanywa kwa yale anayojidai kuwa. Nilikuwa nimeshughulika na namba ya juu tu maisha yangu yote. Kupunguza ya chini, kwa mfano kuacha kudai kwamba kila kikao kiokolewe na mimi, sikuwahi kukufikiria.

Kumwomba radhi yule binti nilikuharibu. Nilimweleza kuhusu rekodi, mifupa ya fuvu, daftari, dada yangu. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Asante. Ila hapa pia umeongea wewe peke yako." Nikacheka, yeye hakucheka sana. Nikaenda kuchora kijistari.

Mwezi wa tano hivi vijistari vikashuka mpaka 3, na hapo ukaja ugonjwa ambao sikuutarajia: nikaanza kuona fahari kwa ukimya wangu. Nakaa kikaoni nimetulia kama mzee wa busara, huku moyoni nawahesabia wengine. Huyu kakatiza. Yule naye, hana staha. Nafsi ilikuwa imehama chumba tu, nyumba ni ile ile. Kwa hili sikupata dawa ya mate wala ya daftari. Nikilikamata najicheka, linaondoka, linarudi. Nimeacha kulipangia tarehe ya kuisha.

Wiki iliyopita yule binti alileta pendekezo ambalo mimi nilikuwa nalo tangu mwezi uliopita, nimeliandika kabisa. Alilieleza kwa kuhangaika kidogo, akirudi nyuma, akitafuta neno. Neno nilikuwa nalo. Masikio yalinipata moto. Nikameza mate mara mbili, naye akalipata, likiwa tofauti na langu, na kikao kikaendelea. Hakuna aliyejua. Nilitamani sana mtu ajue, nikalifungua daftari chini ya meza, nikakaa na kalamu mkononi nisijue kama hilo nalo lihesabiwe kijistari.